Kutoka na Ngalawa Wakati wa Kusi

Kusi ya Juni hadi Agosti haijifichi. Hujaukanyaga mchanga bado, unaisikia kwenye makuti, na ukitupa jicho nje unaona mwamba umejichora mstari mweupe kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikishatoa tahadhari ya upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, hakuna cha kujadili: ngalawa ivutwe juu, ifungwe. Maneno ya hapa ni ya siku za chini ya kiwango hicho, ambazo ndizo nyingi, bahari imechafuka lakini haijafunga na nyumbani wanasubiri kitoweo.

Tunazungumzia ngalawa ya dhiraa kumi na mbili, yaani kama mita 5 na nusu, yenye tanga moja na watu wawili au watatu. Mwenye mashua, mengi yatamfaa. Mwenye boti la faiba na mashine asome habari za mlango, yaani uwazi wa kupitia kwenye mwamba, mengine ayaache.

Wengi wakiamka wanaangalia upepo. Kwetu swali la kwanza ni mwezi umefika ngapi. Mwezi mosi hadi mwezi tatu, na tena kumi na tano hadi kumi na saba, ni bamvua, na bahari ya Unguja hupanda na kushuka karibu mita 4. Ukifika mwezi nane, au ishirini na tatu, ni maji mafu, tofauti ni mita moja na kitu. Saa zake ni zilezile mwaka mzima: siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri, hupwa saa nne asubuhi, na hujaa tena saa kumi jioni. Kila siku huchelewa dakika 50 hivi, mpaka kufika maji mafu mambo yameshapinduka, yanajaa saa nne na kupwa saa kumi.

Tena maji hayaondoki kwa mwendo mmoja. Yagawe mafungu kumi na mawili: saa ya kwanza linaondoka fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Kwa bamvua ya mita 4, ina maana kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi peke yake maji yanashuka mita 2 nzima. Yale yote yaliyolala ndani ya mwamba, Jambiani, Paje, Bwejuu, Matemwe, yanataka kutoka kwa pamoja, na njia ni ile milango michache. Nje kusi inaleta wimbi linaingia. Mkondo unatoka, wimbi linaingia, wakikutana mlangoni wimbi hujifupisha na kusimama wima. Lile lililokuwa na mgongo mrefu, ambalo ngalawa inalipanda bila taabu, hapo limekuwa ukuta. Na bahati mbaya ndiyo saa wavuvi wanayoipenda kutokea, maana kusi ya asubuhi huwa imelegea, inakuja kukaza jua likipanda. Mtu anatizama upepo mwanana, anaona leo shwari, anakwenda kupigwa mlangoni na upepo wenyewe haujaanza.

Kwa hiyo bamvua ya kusi ina nafasi mbili za kutoka. Moja ni saa kumi na moja alfajiri, maji yameanza kupwa lakini hayajashika kasi. Ya pili ni kuacha mpaka karibu saa nne, mkondo umekwisha nguvu, ila hapo ndani ya mwamba hakuna maji ya kutosha, utaburura ngalawa na kuchonga njia katikati ya vigingi na kamba za mwani. Usukani unaonasa kwenye kamba ya mwani ni hasara mbili, wako na wa mwenye shamba. Kurudi, lenga baina ya saa sita na saa tisa. Maji yanajaa, mkondo unaingia pamoja na wimbi, na mlango unalainika japo upepo ndio umekaza. Anayekawia nje mpaka saa kumi na mbili anakuta maji yameshageuka na kiza kinaingia.

Maji mafu mkondo ni mdogo, lakini mlango una lawama nyingine: alasiri unarudi maji yamepwa. Wimbi huvunjika pale kina kinapokaribia mara moja na robo ya urefu wake. La mita 2 litavunjika penye mita 2 na nusu. Mlango ambao asubuhi ulikuwa na kina cha mita 4 na haukuvunja hata wimbi moja, jioni maji yakishuka unaweza kuwa unavunja wote mzima. Pima kina kwa kamba yenye jiwe siku ya shwari, uandike popote, ujue mlango wako una pima ngapi (pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa) maji yakipwa. Kazi ya nusu saa, inatumika miaka.

Ukiukaribia mlango, kutoka au kuingia, simama kwanza. Mawimbi huja kwa makundi: makubwa matatu, manne, matano, kisha kinafuata kitambo cha utulivu. Robo saa ya kuyatizama inatosha kujua makubwa yanakuja mangapi na utulivu unadumu kiasi gani. Tafuta ukanda ambao maji yake ni ya buluu iliyoiva na povu lake ni la kupita, si la kuganda. Povu linaloganda mahali pamoja lina jiwe chini yake.

Kutoka: tweka tanga ukiwa bado ndani, kwenye maji tulivu, chombo kijaribiwe hapo. Wimbi lipokee kwa omo, yaani mbele ya chombo, upande kidogo, usilipokee moja kwa moja wala usilipe ubavu. Kupanda unataka mwendo. Ukifika kileleni legeza kidogo demani, kamba ya pembe ya nyuma ya tanga, la sivyo omo itaruka na kupiga maji upande wa pili, na mpigo ule ndio unaovunja mirengu, miti inayokatiza juu ya ngalawa. Ukishaingia mlangoni usigeuke. Kugeuka katikati kunakuweka ubavu kwa wimbi kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi, na huo ni mrefu kuliko utulivu wenyewe.

Kuingia ni kugumu zaidi, ingawa wengi wanadhani kinyume chake kwa sababu upepo uko nyuma. Wimbi linainua tezi, yaani nyuma ya chombo, omo inachimba, usukani unakuwa nusu hewani, na chombo kinateleza mpaka kinakaa ubavu. Dawa yake ni kupunguza mwendo. Watu wote nyuma ya mlingoti. Kamba ya pima kumi na tano au zaidi, iliyofungwa tezi na kubeba kitu kinachokokota maji, tenga la samaki au rundo la kamba lenye fundo kubwa, iachwe ivute nyuma. Ndoo ya plastiki haifai, mkono wake unang'oka kwa mvuto wa kwanza. Ingia mgongoni mwa wimbi kubwa la mwisho la kundi, ukae nalo hapo nyuma, usilipite.

Tanga sasa. Upepo ukizidi mara mbili, nguvu yake kwenye tanga inazidi mara nne, na hapo ndipo hesabu za watu zinapopotea. Tanga letu halina vikamba vya kulipunguza kama ya wenzetu wa Ulaya, na kulipunguza ukiwa nje, foromali (mti unaobeba tanga) inayumba, watu wawili wanagombana na nguo iliyolowa, ni kazi isiyokwisha salama. Kwa hiyo shughuli hii inakwisha pwani. Ukiwa ufukweni ukaona vyeupe vya hapa na pale ndani ya mwamba, tanga la kawaida. Vyeupe vikitapakaa kila unapotizama, weka dogo, kama thuluthi mbili za lile la kawaida, kwenye foromali yake fupi. Asiyekuwa na tanga la pili anaweza kuizungushia foromali sehemu ya tanga na kuifunga kwa vikamba kila baada ya dhiraa moja. Linakaa vibaya, halibishi vizuri, yaani haliendi vizuri dhidi ya upepo, lakini linapungua. Wapo wanaosema tanga dogo linachelewesha. Kweli, kwenye upepo wa wastani. Kwenye kusi ngalawa yenye tanga kubwa inakwenda imelalia tengo, ule ubao wa kuelea wa ubavuni, na nusu ya nguvu inaishia kukokota maji.

Kabla ya kuteremsha chombo, mirengu. Ile miti miwili inayokatiza juu ya ngalawa na kushika matengo inabeba kila pigo la bahari, na inashikwa na kamba tu. Shika ncha ya tengo, itikise juu na chini. Fundo likilia, limelegea, na fundo lililolegea linajisaga lenyewe mpaka likatike. Kamba za plastiki zinazong'aa zikikaa juani zinatoa unga. Pitisha kidole, ukiona unga, tupa. Mpira wa ndani wa baiskeli ni mzuri kwa vitu vingi, hapa haufai, unavutika. Tizama pia ncha ya mbele ya kila tengo: inatakiwa iinuke kuliko ya nyuma. Iliyolala sawa au kuinama itachimba badala ya kuteleza. Usukani ufungwe kamba ya ziada, maana wimbi likiinua tezi unachomoka kwenye vyuma vyake kirahisi sana, na kasia moja la akiba la kuongozea lisikosekane.

Ngalawa haitaki farumi, yaani uzito wa kuituliza. Mawe na mifuko ya mchanga ni mambo ya mashua, na hata huko yafungwe. Gogo la mwembe likijaa maji bado linaelea na watu wakalishikilia. Likiwa na mawe ndani, linakwenda nayo. Badala yake funga vidumu vitupu vya lita 20, viwili omo na viwili tezi, chini ya mbao za kukalia, vifuniko vimekazwa. Kila kimoja kinabeba karibu kilo 20. Na usifunge kwa shingo peke yake, zungusha kamba tumboni.

Tukipewa nafasi ya kusema jambo moja tu, tungesema demani isifungwe. Kamba ile ndiyo inayoshika pembe ya nyuma ya tanga, na mkono wa mtu unachoka, kwa hiyo anaifunga kwenye kigingi kwa fundo la kweli ili ale, avute sigara, apange nyavu. Izungushe kigingini mara moja tu, ncha ikae mkononi, na isizungushwe mkononi hata siku moja, itakukata vidole au itakuondoa chomboni. Fikiri linalotokea upepo unapopiga ghafla. Tengo la upande wa demani, unakoelekea upepo, linazama lote. Likizama linakuwa kama mtu aliyeshika chombo upande mmoja: omo inavutwa kwenda demani, tanga linashika upepo zaidi, tengo linazama zaidi. Anayeongoza anasukuma kana, mkono wa usukani, kwa nguvu zake zote na chombo hakimsikii. Kinachokivunja kitanzi hicho ni kuachia demani kwanza, kisha ndiyo kuelekeza omo kwenye upepo. Ukianza na kana, umechelewa. Mtu wa tatu, kama yupo, awe ameshakaa juu ya mrengu wa goshini, upande unakotoka upepo, mbali na ngalawa kadiri anavyoweza, na arudi ndani upepo ukilegea, asije akazamisha lile la goshini kwa uzito wake.

Henza, kamba ya kupandishia tanga, nayo iwe na kitanzi cha kuvuta, kinachofunguka kwa mkono mmoja, na mabaki yake yapangwe peke yake, yasilaliwe na nyavu. Tanga lisiloshuka ni balaa kuliko tanga lililochanika.

Kugeuza upande ukiwa unabisha kwenye kusi, usipitishe omo kwenye upepo. Upepo ukilipiga tanga kwa mbele linagandamana na mlingoti, foromali haishuki, na chombo kinaanza kurudi kinyumenyume. Zungusha kwa tezi. Achia demani, tanga lipepee mbele. Ongoza chombo kijizungushe mpaka upepo uwe nyuma. Mmoja aisimamishe foromali wima na kuipitisha mbele ya mlingoti. Hamisha kamba ya kushikia mlingoti upande mpya wa goshi. Kisha vuta demani taratibu. Kila mzunguko unakurudisha nyuma mamia ya hatua, kwa hiyo usigeuze geuze. Vuta ngwe ndefu, yaani mwendo mrefu wa upande mmoja, mbilimbili au tatutatu. Na chagua pa kugeuzia: baada ya kundi la mawimbi makubwa, si kabla.

Mvua za kusi hupita haraka na zina upepo wake. Alama ya kuaminika ni kwamba chini ya wingu huoni tena mstari wa bahari na mbingu. Upepo uliokuwa ukivuma unalegea ghafla, hewa inakuwa baridi, na una dakika chache tu. Tua tanga lote, lifunge kwenye foromali kila dhiraa, funga kamba ncha zote mbili za foromali zikutane katikati, unganisha na kamba ya pima kumi na tano, ukaitupe kwa omo. Foromali inaelea, inakokota, na ngalawa inakaa nyuma yake imeelekeza uso kwenye wimbi. Watu wakae chini, sakafuni. Kwa kawaida mvua inapita, unavuta foromali yako ndani, unatweka. Ni kazi, kwa hiyo watu wengi huikwepa na kujaribu kukimbia na upepo. Wakati mwingine inawezekana, kama mbele yako kuna bahari ya kukimbilia. Upande wa mashariki wa Unguja mbele yako kuna mwamba.

Maji yakiingia, fua mapema, yaani yachote uyamwage nje. Ndoo moja ya lita 20 ni kilo 20, na kumi zikikusanyika ndani ni kama watu watatu wanaokimbia huku na huku, kila chombo kikiinama wanakimbilia upande ulioinama. Vyombo vya kufulia viwe viwili, vimefungwa kwa kamba. Kidumu kilichokatwa ubavu kinafua vizuri kuliko ndoo kwa sababu kinafika kwenye pembe za chini. Na kojoa ndani ya hicho, umekaa. Linachekesha mpaka umfikirie mtu aliyesimama ukingoni usiku, mkono mmoja kwenye kamba, na chombo kikiyumba.

Ngalawa ikipinduka, hesabu watu kwanza, kwa majina, kwa sauti. Ikijaa maji lakini imesimama, mtu mmoja tu abaki ndani kufua, wengine washike pembeni mpaka maji yapungue nusu. Ikilala juu chini, matengo yanaizuia isirudi. Msimalize nguvu kuigeuza kwenye mawimbi, pandeni juu yake, mjifunge kwa kamba. Pwani hudanganya. Minazi inaonekana kama ya kushikika, na baina yenu na hiyo minazi kuna mkondo unaokwenda kaskazini siku zote, na kipindi cha kusi ndipo unapokimbia zaidi. Mwogeleaji haonekani kwenye mawimbi, ngalawa iliyopinduka inaonekana. Hata maji ya joto kama yetu, mwili uliolowa na kupigwa upepo unapoteza nguvu baada ya saa kadhaa, kwa hiyo kaeni mmegusana. Simu iwe ndani ya mifuko miwili ya plastiki iliyofungwa kila mmoja peke yake, na imefungwa mwilini, si kwenye kapu.

Wa upande wa magharibi, Mkokotoni, Bumbwini, Mtoni, wanalo tatizo lao. Kusi inawafikia imekatiza kisiwa, pwani ni shwari kama kioo cha taa, na mawimbi hayapo. Ukitoka umbali fulani kisiwa kinaacha kukukinga na unapokea upepo wote mara moja. Nungwi ndipo panapodhihirika zaidi: ukiipita rasi unaingia kwenye bahari ya baina ya Unguja na Pemba bila utangulizi. Kwenda Mkoani kusi inakusaidia, inakupiga nyuma na ubavuni. Kurudi unabisha dhidi ya upepo na mkondo kwa pamoja, na anayehesabu safari ya kurudi kwa muda wa kwenda hajafanya hesabu. Magharibi ya Pemba, ukishatoka nje ya milango ya Njao na Fundo, bahari inashuka mpaka mamia ya mita. Nanga hapo ni pambo. Na wala ukubwa si kinga. Ilikuwa kipindi hikihiki, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilipozama karibu na Chumbe kwenye upepo na mawimbi, nayo ni meli ya abiria yenye injini.

Mwachie mtu wa diko, pale pwani vyombo vinapotua, maneno matatu kabla ya kutoka: mlango unaotokea, mahali unapokwenda kuvua, na saa ambayo usipoonekana aanze kuwapigia KMKM, kikosi cha Zanzibar cha ulinzi wa baharini. Saa hiyo itajwe kama saa, si "jioni". Ukirudi kupitia diko jingine, piga simu hapohapo, kabla ya kuuza samaki, maana kuna watu watakaotoka kukutafuta kwenye bahari ileile uliyoikimbia.

Chombo kikishafika juu, tua tanga, lianike usilikunje limelowa. Mwaga maji baridi ya kisima ndani ya ngalawa, kama ndoo mbili, uzunguke nje ukiangalia linapotokea tone, hasa kwenye mstari ambapo ubao wa juu umeungana na gogo. Tia alama ya mkaa papo hapo; kesho ukuta ukishakauka huoni kitu.